Kitanda cha Hospitali Nyumbani: Kimo Kwanza, Mgongo Baadaye

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini akiwa bado hajiwezi, familia huwa na siku chache tu za kuandaa chumba. Anayetumwa kutafuta kitanda hukutana na maneno mapya dukani: hendeli mbili, hendeli tatu, fanksheni tano, umeme nusu, umeme kamili. Kwa kuwa alichokiona wodini ni mgongo wa kitanda ukipanda na kushuka, hicho ndicho anachokiulizia, na akikipata analipa na kuondoka. Baada ya wiki kadhaa anayemuuguza mgonjwa hawezi tena kunyoosha kiuno, na mgonjwa hajawahi kukalishwa ukingoni hata mara moja kwa sababu miguu yake haifiki chini.

Mgongo wa mgonjwa unaweza kuinuliwa kwa mito migumu iliyopangwa vizuri. Haipendezi kama mota, lakini inafanya kazi. Kimo cha kitanda hakina mbadala wa namna hiyo. Fedha ikiwa haitoshi kila kitu, uwezo wa kitanda kupanda na kushuka chote kwa pamoja ndio wa kulipiwa kwanza, kisha godoro linalokienea. Mengine yafuate.

Wala si kila mgonjwa anahitaji kitanda cha hospitali. Anayeweza kujigeuza na kusimama akishikwa mkono atatosheka na kitanda cha kawaida kisichobonyea, chenye kimo kinachomfaa. Kitanda cha hospitali ni cha yule asiyejigeuza, anayebanwa pumzi akilala chali kwa sababu ya moyo au mapafu, anayelishwa kwa mpira wa puani, au anayehamishiwa kwenye kiti cha magurudumu kila siku na mtu mmoja. Aliyevunjika nyonga na anatarajiwa kusimama baada ya miezi miwili au mitatu, mkodishie. Aliyeumia uti wa mgongo, mnunulie.

Majina ya dukani

Vitanda vingi vya hendeli vinavyouzwa kwetu vinatoka India na China, na katalogi zake huviita Semi Fowler na Full Fowler. Fowler ni George Ryerson Fowler, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1906, ambaye aliwalaza wagonjwa wake wa tumbo wakiwa wameinuliwa kiwiliwili. Semi Fowler ni hendeli moja: mgongo tu. Full Fowler ni hendeli mbili: mgongo na magoti. Zote mbili hazibadilishi kimo. Chaga yake hubaki pale kiwanda kilipoiweka, kwa kawaida sentimita 50 hadi 60 kutoka sakafuni. Hendeli ya tatu ndiyo ya kimo.

Kwa vya umeme, umeme nusu maana yake mgongo na magoti vinaendeshwa na mota huku kimo kikibaki cha hendeli. Umeme kamili ni vyote vitatu. Hapa viwanda vimefanya kinyume cha mahitaji ya nyumbani. Mgongo hubadilishwa mara chache kwa siku na hendeli yake si nzito. Kimo kinatakiwa kibadilishwe kila huduma: juu wakati wa kumsafisha, chini akikalishwa, chini kabisa akilala. Hendeli ya kimo huhitaji mizunguko mingi, na mgonjwa wa kilo 80 akiwa juu yake inachosha. Anayeuguza peke yake ataizungusha siku ya kwanza na ya pili, kisha ataiacha. Ndiyo sababu anayeweza kumudu umeme avuke hadi umeme kamili, au abaki na hendeli tatu. Umeme nusu hugharimu fedha ya mota bila kuondoa kazi nzito.

Fanksheni tano huongeza kuinamisha kitanda chote, kichwa chini au miguu chini. Hiyo ni kazi ya chumba cha wagonjwa mahututi. Nyumbani, kumshusha kichwa mtu mwenye moyo dhaifu, aliyepata kiharusi au anayelishwa kwa mpira kunaweza kumletea madhara: chakula hurudi kooni na kuingia mapafuni. Usiilipie. Kitanda ulichopewa kikiwa nayo, hakikisha rimoti au sanduku la umeme lina kufuli ya kuzima kitufe hicho, na ukifunge.

Vimo vitatu na namna ya kuvipima

Cha kwanza ni cha kukalia. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la nyuma ya goti la mgonjwa, akiwa amevaa viatu atakavyosimamia. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 38 na 48. Uso wa godoro, ukishabonyea kwa uzito wake, unapaswa kufika hapo ili nyayo zikanyage sakafu yote. Kwa mwenye miguu dhaifu anayejifunza kusimama, ongeza sentimita 5 hadi 10 wakati wa kuinuka, kwa sababu kuinuka kutoka chini sana ndiko kunakomshinda.

Cha pili ni cha anayeuguza. Asimame wima, mikono ikining'inia: uso wa godoro uwe karibu na kifundo cha mkono wake. Kwa mtu wa sentimita 160 hiyo ni kama sentimita 75 hadi 80. Kumgeuza, kumwogesha na kumbadilisha pampasi kwa mtu aliyeinama huchukua nusu saa au zaidi mara kadhaa kwa siku, na mgongo unaolipa ni wa mama, dada au binti wa kazi. Mwuguzaji akiumia kiuno, nyumba sasa ina wagonjwa wawili.

Cha tatu ni cha kulala, nacho ni chini kabisa kadiri kitanda kinavyoweza, hasa kwa aliyechanganyikiwa na anayejaribu kushuka usiku.

Sasa fanya hesabu dukani. Muuzaji akisema kitanda kinakwenda sentimita 40 hadi 80, muulize: hiyo ni ya chaga au ya juu ya godoro? Karibu kila mara ni ya chaga. Ongeza godoro la sentimita 14, na kitanda chako halisi ni sentimita 54 hadi 94. Kwa bibi ambaye kunjo la goti lake lipo sentimita 40, kitanda hicho hakimshushi. Godoro likibonyea sentimita 4 bado miguu inaning'inia sentimita 10 juu ya sakafu. Kwake tafuta chaga inayoshuka hadi 30 au chini ya hapo, au godoro jembamba zaidi, na baada ya yote hayo kibao cha kukanyagia kisichoteleza.

Lipo suluhisho baya linaloenea: kupandisha kitanda cha kimo kimoja juu ya matofali. Gurudumu juu ya tofali hutoka siku mtu anapomvuta mgonjwa kwa shuka. Kama lazima kipandishwe, magurudumu yang'olewe, na kila mguu uingie kwenye kibao kizito kilichochimbwa tundu lenye kina cha sentimita 3 au zaidi.

Nafasi zinazoua

Vizuizi vya pembeni hununuliwa kwa ajili ya usalama, na vikichaguliwa vibaya huua. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipokea taarifa 803 za watu walionaswa au kukabwa kwenye vitanda vyenye vizuizi kati ya mwaka 1985 na mwanzo wa 2009. Kati yao 480 walifariki. Wengi wa walio katika hatari ni wazee, wadhaifu au waliochanganyikiwa. Namna inavyotokea ni hii: mgonjwa anateleza upande, kiwiliwili kinapita penye nafasi, kichwa kinabaki, na hana nguvu za kujirudisha.

Kwa hiyo beba futikamba. Nafasi kati ya fito na fito za kizuizi, nafasi chini ya kizuizi, na nafasi kati ya kizuizi na ubavu wa godoro, zote ziwe chini ya sentimita 12. Penye ncha za kizuizi, pale kinapoishia juu ya godoro, nafasi iwe chini ya sentimita 6, kwa sababu hapo kinachonaswa ni shingo. Kati ya ncha ya kizuizi na ubao wa kichwani iwe ama chini ya sentimita 6 ama zaidi ya 32, ili mwili ama usiingie kabisa ama upite bila kukwama. Ukipima kati ya kizuizi na godoro, sukuma godoro hadi upande wa pili na ubonyeze ukingo wake kwa mkono. Hivyo ndivyo mgonjwa atakavyolibonyeza. Kisha inua mgongo na upime tena, maana nafasi za mwisho wa kizuizi hubadilika mgongo ukipanda.

Kosa la kawaida kwetu linaanzia kwenye godoro la nyumbani. Chaga ya kitanda cha hospitali kwa kawaida ni sentimita 90 kwa 200. Godoro la futi 3 kwa 6 ni sentimita 91 kwa 183. Upana umeenea, lakini kwa urefu zimebaki sentimita 17, na godoro likiteleza zote hukusanyika kichwani. La futi 3 na nusu ni sentimita 107, halikai kabisa. Blanketi lililosokotwa ndani ya nafasi hiyo halisaidii, kwa sababu hubonyea kama godoro lenyewe. Agiza sponji ikatwe kwa kipimo cha chaga, au nunua godoro pamoja na kitanda kutoka kwa muuzaji yuleyule.

Unene nao una hesabu yake. Kiwango cha kimataifa cha vitanda vya tiba, IEC 60601-2-52, kinataka kizuizi kiwe juu ya godoro kwa sentimita 22 au zaidi. Kizuizi chenye sentimita 40 kutoka kwenye chaga, ukiweka godoro la inchi 10, yaani sentimita 25, kinabaki 15. Mgonjwa akigeuka kwa nguvu anapita juu yake. Inchi 5 au 6 zinatosha zikiwa za sponji nzuri.

Kizuizi si kamba ya kumfungia mtu. Mwenye akili iliyochanganyikiwa na miguu yenye nguvu atakipanda, na ataanguka kutoka juu zaidi ya kama kisingekuwepo. Kwa huyo, kitanda chini kabisa na mkeka mnene wa sponji sakafuni ni salama zaidi kuliko vizuizi virefu pande zote. Kizuizi kifupi cha nusu urefu, upande wa mkono mzima, humsaidia aliyepooza upande mmoja kujivuta na kugeuka. Hiyo ndiyo kazi yake bora.

Vile vya alumini vinavyokunjwa kuelekea miguuni ndivyo vilivyo vingi madukani. Angalia pini ya kufungia: ivute, iachie, kisha egemea kizuizi kwa nyonga yako. Kikitikisika sana au kikifunguka, kiache. Na anayekishusha ahakikishe vidole vya mgonjwa havipo kati ya fito.

Godoro

Vidonda vya kulalia hutokea pale ngozi inapobanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu isipite: juu ya makalio penye mfupa wa mkia, visiginoni, nyongani, viwikoni. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, yenye joto au baridi, ngumu au laini isivyo kawaida, au inayouma. Kitanda peke yake hakizuii. Kugeuza mgonjwa kila saa mbili, kwa kuanzia, ndiko kunakozuia, naye daktari au muuguzi anaweza kubadili muda huo kulingana na ngozi anavyoiona.

Kwa asiyejigeuza, msingi ni sponji nzito. Magodoro mengi ya hospitali hutumia sponji ya kilo 35 hadi 40 kwa mita moja ya ujazo. Uliza namba hiyo, usiridhike na neno gumu. Godoro la springi lisitumike: halikunjiki penye maungio ya chaga, hivyo mgongo ukiinuliwa linaacha upenyo chini na kumsukuma mgonjwa mbele. Ganda liwe lisilopitisha maji lakini linalonyumbulika. Plastiki ngumu, kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa Februari, humlowesha mgonjwa jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Shuka moja la pamba na shuka fupi la kugeuzia vinatosha. Kila tabaka unaloongeza, mpira, khanga mbili, pampasi ya kutandika, hupunguza kazi ya godoro.

Godoro la upepo, lile la vifuko vinavyojaa na kupungua kwa zamu, ni msaada mkubwa kwa aliyeanza kupata kidonda au aliyekonda sana. Litandikwe juu ya sponji, lisiwekwe juu ya chaga tupu, kwa sababu umeme ukikatika upepo hupungua na mgonjwa atalala juu ya chuma. Pampu ining'inizwe kwenye ubao wa miguuni, na mpira wake usipite chini ya kipande cha magoti kinachoukunja. Weka kipimo cha uzito wa mgonjwa kwenye pampu, kisha jaribu kwa mkono: pitisha kiganja, kimeangalia juu, chini ya godoro la upepo penye makalio yake. Ukihisi mfupa, au pakiwa na chini ya sentimita 2 na nusu kati ya mkono na mwili, godoro limezama na halimsaidii, ongeza upepo. Kumbuka pia kwamba linaongeza kimo na kingo zake ni laini, kwa hiyo vipimo vyote vya vizuizi vinaanza upya.

Kuinua mgongo bila kumchubua

Mgonjwa anayeteleza kuelekea miguuni kila akiinuliwa anapata madhara yasiyoonekana: ngozi inabaki imeshikwa na shuka huku mifupa ikishuka ndani, na mishipa midogo ya damu inavutwa na kukatika. Sababu karibu daima ni nyonga kutokuwa penye kiungo cha chaga. Utaratibu ni huu. Chaga ikiwa tambarare, watu wawili wamvute juu kwa shuka la kugeuzia hadi nyonga ikae penye mkunjo. Inua magoti kwanza, kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15. Ndipo uinue mgongo, taratibu. Ukimaliza, msogeze mbele kidogo kutoka kwenye godoro kwa sekunde chache, kisha mrudishe, ili ngozi ya mgongo ijiachie. Kushusha ni kinyume: mgongo kwanza, magoti baadaye.

Hii ndiyo sababu kitanda cha hendeli moja kinawafaa wachache. Bila kipande cha magoti, weka mto chini ya mapaja, lakini visigino vining'inie huru bila kugusa kitu.

Kwa kulala kawaida mgongo usizidi nyuzi 30. Wakati wa kulishwa kwa mpira uwe nyuzi 30 hadi 45, na ubaki hivyo kwa nusu saa hadi saa nzima baada ya chakula. Anayekula kwa mdomo akae wima kadiri anavyoweza. Vitanda vingi havina kipimo cha nyuzi, lakini unaweza kukitengeneza. Pima urefu wa kipande cha mgongo, tuseme sentimita 80. Ncha yake ikiinuka sentimita 40 juu ya usawa wa chaga, hapo ni nyuzi 30. Ikifika 57, ni nyuzi 45. Weka alama ya rangi kwenye fremu na kila anayeshika zamu ataiona.

Umeme wetu

Kitanda cha umeme kina mota ndogo za umeme wa aina ya betri (DC), mara nyingi volti 24, na sanduku linalobadili umeme wa ukutani. Mota hizi hazikutengenezwa kwa kazi mfululizo. Kibandiko huandika asilimia 10, au dakika 2 kwa 18: ukiendesha dakika mbili, iache ipoe dakika kumi na nane. Watoto wanaocheza na rimoti huunguza mota bila mtu kujua kwa nini. Rimoti iwe na kufuli, na ifungwe.

Kwa nyumba za umeme wa kupanda na kushuka, chomeka kitanda kwenye kilinda-volti au stebilaiza, na soketi iwe na ethi iliyopimwa na fundi. Ekstensheni isipite chini ya kitanda. Fremu inaposhuka, mikono yake ya chuma hufunga kama mkasi, na waya ukiwa katikati hukatwa. Hakikisha betri ya akiba ipo na inafanya kazi: chomoa plagi, mtu mzima alale, pandisha na kushusha kila kitu mara moja. Betri za risasi zilizofungwa huchoka baada ya miaka michache, na huchoka mapema zaidi kitanda kikiachwa bila kuchomekwa. Pasipo betri, kuwe na hendeli ya dharura au kifyatuo cha kushusha mgongo. Mgonjwa aliyeachwa amekaa nyuzi 60 usiku kucha kwa sababu LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha ameumia.

Ndugu walioko ng'ambo hutuma vitanda ndani ya kontena, na ni jambo jema. Kilichotoka Uingereza au Oman hutumia umeme na plagi kama za Tanzania na Kenya. Kilichotoka Marekani au Kanada ni cha volti 120. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani sanduku linaungua, isipokuwa kibandiko kinaposema 100 hadi 240. Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi waangalie plagi pia.

Chumba, mlango na chandarua

Kitanda kina fremu ya kama mita 1 kwa 2.1 au zaidi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinakitosha, kichwa kikiwa ukutani na kitanda katikati: mita moja inabaki kila upande, na ndiyo nafasi ya chini ya kumgeuza bila kugonga ukuta. Kitanda kikisukumwa kando, upande ulio mbali na ukuta uwe na mita 1.2 au zaidi kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na upande huo uwe wa mwili wake ulio mzima. Acha sentimita 15 nyuma ya ubao wa kichwani. Vitanda vingine vikipanda husogea nyuma, na ukuta ndio unaobomoka.

Mlango wa ndani wa sentimita 80 haupitishi fremu ya mita moja ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Uliza kama kinagawanyika vipande viwili, na kila kipande ni kilo ngapi. Kitanda cha umeme kizima kinaweza kufika kilo 100. Kwa ghorofa isiyo na lifti hilo ndilo swali la kwanza.

Chandarua kinasahaulika hadi usiku wa kwanza. Kikichomekwa chini ya godoro, mgongo ukiinuka unakivuta na kukichana, au pindo linaingia kwenye mota. Tundika chandarua kipana cha dari, kikubwa kuliko kitanda, kiache kishuke hadi sakafuni pande zote, na pindo likunjwe juu kila kitanda kinaposhushwa chini kabisa. Mlingoti wa dripu usibebe chandarua.

Uzito pia. Kibandiko kikisema kilo 170, hiyo ni pamoja na godoro na viambata. Mgonjwa mwenyewe hapo asizidi kama kilo 135. Binti anayeketi ukingoni kumlisha naye anahesabiwa.

Mtumba, kukodi na usafi

Kwenye kitanda cha mtumba, lala chini ukitazama kwa tochi. Kutu ya juu juu husuguliwa na kupakwa rangi; kutu kwenye viungo vilivyochomelewa, au ufa wa nywele pembeni ya chomeleo, ni sababu ya kuondoka. Pwani chumvi hula chuma upesi, hivyo nyuzi za skrubu za hendeli zipakwe grisi kila mwezi. Zungusha hendeli hadi mwisho wake: yenye kizuio hugota, isiyo nacho huendelea kuzunguka na kula nyuzi. Uliza rimoti na sanduku la umeme vinapatikana wapi vikiharibika, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza, na rimoti ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye sanduku la nyingine. Vifaa tiba Tanzania viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na Kenya chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Muuzaji halali hatakasirika ukiomba karatasi zake.

Anayekodi aandikishe mambo matatu: nani anatengeneza na ndani ya saa ngapi, ganda la godoro ni jipya au lilitumika, na kodi inahesabiwaje mgonjwa akirudishwa hospitali. Ganda lenye tundu hata dogo limeshapitisha mkojo hadi kwenye sponji. Likatae.

Kwa usafi, futa kwa sabuni na maji kwanza. Kisha tumia klorini ya asilimia 0.1: dawa ya madoa ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu 34. Iache dakika 10, halafu futa kwa maji safi, la sivyo chuma kitaota kutu. Kwenye damu, sehemu moja kwa maji sehemu 6. Plagi iwe imechomolewa, na mota zifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, zisimwagiwe.

Siku ya kuletwa

Usitie saini kabla hakijafungwa ndani ya chumba chenyewe. Funga breki zote nne na ukisukume kwa nyonga, hasa kwenye vigae; kikiteleza kikiwa kimefungwa, mgonjwa ataanguka siku ya kwanza atakayoketi ukingoni. Lala wewe mwenyewe, au mtu mwenye uzito wa mgonjwa, na uendeshe kila kitu hadi mwisho mara mbili. Chomoa umeme na urudie. Pima nafasi za vizuizi upya, kwa sababu godoro lililoletwa huenda si lile uliloliona dukani. Mwisho mweke mgonjwa, mkalishe, tazama nyayo. Ukipata kimo kinachomfaa, bandika kipande cha utepe ukutani usawa wa fremu, na kingine usawa wa kimo cha kumhudumia, uandike kila kimoja ni cha nini, ili anayeingia zamu ya usiku asilazimike kukisia.